Kujidunga sindano ya sukari nyumbani

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole, mtangazaji anaanza.)

Nawasalimu ninyi mlio Rhino Camp, ninyi wa Imvepi, na ninyi wa Lobule kule Koboko. Nawasalimu pia wenyeji wetu wa Arua, Terego na Koboko, maana foleni ya kituo cha afya ni moja na sote tunapanga pamoja. Wewe unayeusoma mkono huu wa karatasi badala ya kusikiliza redio, karibu. Ukimaliza, msomee na jirani asiyejua kusoma.

Leo tunazungumza na watu wenye ugonjwa wa sukari ambao daktari amewaambia: kuanzia sasa utajidunga sindano mwenyewe, nyumbani, kila siku. Tunazungumza pia na wale wanaoishi nao. Mimi si daktari, ni mtangazaji. Ninayowaeleza ni yale wanayofundisha wahudumu wa afya. Kipimo cha dawa yako kinatoka kliniki tu. Hakitoki kwangu, na hakitoki kwa jirani yako mwenye sukari.

KWA NINI SINDANO?

Chakula tunachokula, iwe posho, muhogo au wali, kinageuka kuwa sukari ndani ya damu. Ili sukari hiyo iingie mwilini na kutupa nguvu, inahitaji insulini. Insulini inatengenezwa na kiungo kinachoitwa kongosho, kilicho nyuma ya tumbo. Kwa watu wengine, hasa watoto na vijana, kongosho linaacha kabisa kutengeneza insulini. Hiyo tunaiita aina ya 1. Kwa wengine, wengi wao watu wazima, insulini ipo lakini haitoshi au haifanyi kazi vizuri. Hiyo ni aina ya 2. Wengi wa aina ya 2 wanameza vidonge, lakini baadhi wanafika mahali pa kuhitaji sindano. Wa aina ya 1 hawana njia nyingine: insulini ndiyo uhai wao.

Mtu anauliza, mbona hawatupi vidonge sote? Kwa sababu insulini ukiimeza, tumbo linaisaga kama linavyosaga maharagwe. Haifiki kwenye damu. Ndiyo maana inapita chini ya ngozi.

Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepata aina ya 1 alikuwa anakonda na kufa, hata katika nchi tajiri. Tarehe 11 Januari 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini, akawa mgonjwa wa kwanza wa sukari kutibiwa hivyo. Dawa ile ya kwanza haikuwa safi, haikumsaidia sana. Wakaisafisha, wakamdunga tena siku 12 baadaye, sukari yake ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Nakuambia habari hii kwa sababu katika kambi zetu bado kuna watu wanaosema, "Ukianza insulini ndio mwisho wako." Tangu 1922 ni kinyume chake. Wanaokufa ni wale wanaoikosa, au wanaoiacha.

Nyumbani kwetu tunaye mdogo wangu wa miaka 13. Anajidunga asubuhi na jioni. Mwanzoni watoto wenzake walimwita mtu wa madawa ya kulevya, na mama mmoja jirani akamkataza mwanawe kucheza naye, eti ataambukizwa. Sukari haiambukizi. Haipiti kwa kikombe, kwa sahani, wala kwa kulala mkeka mmoja. Na insulini si kitu cha kumpa mtu ulevi. Mzazi, ukimwona mtoto wa jirani ana sindano yake, waeleze wanao jambo hili. Mtoto anayeonewa aibu ataanza kujificha, na akijificha ataanza kuruka sindano.

KABLA YA KUDUNGA: ANGALIA CHUPA, ANGALIA BOMBA

Insulini ziko za aina mbalimbali. Moja ni maji meupe kabisa kama ya kunywa. Hiyo inafanya kazi haraka. Ukiiona ina ukungu au vipande, usiitumie. Nyingine kwa kawaida ina ukungu kama maji yaliyotiwa maziwa kidogo. Hiyo inafanya kazi polepole kwa saa nyingi. Ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili, nayo ina ukungu. Hizi za ukungu zinalala chini ya chupa, kwa hiyo zichanganye kwanza: viringisha chupa kati ya viganja mara 10, kisha igeuze juu chini mara 10. Usiitikise kwa nguvu kama chupa ya dawa ya kikohozi. Ikibaki na mabonge au vipande vimeshika kwenye kioo, usiitumie, irudishe kituoni.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Insulini inapimwa kwa uniti. Chupa tunazopata zimeandikwa 100 IU/ml, maana yake mililita 1 ina uniti 100. Bomba la sindano la insulini lazima liandikwe U-100, ili lifanane na chupa. Mara nyingi lina kofia ya rangi ya chungwa. Kuna mabomba mengine yameandikwa U-40. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la U-40 na kuhesabu mistari yake, utajidunga mara mbili na nusu ya dawa yako. Bomba la kawaida, lile la sindano za malaria, ndilo baya zaidi: mstari wake wa mililita 1 ni uniti 100 nzima. Mtu anayetakiwa uniti 12 anaweza kufa kwa kosa hilo. Kama kituo hakina bomba la insulini, usibahatishe. Mwambie nesi, muulize la kufanya, usiondoke hapo mpaka umejua.

Jambo lingine: mistari haifanani. Kwenye bomba la mililita 1, mara nyingi mstari mmoja ni uniti 2. Kwenye bomba la nusu mililita, mstari mmoja ni uniti 1. Kila ukibadilishiwa bomba, mwombe nesi akuoneshe kwa kidole: "Dawa yangu inafika wapi hapa?" Kama macho yako hayaoni vizuri, au hujui kusoma namba, si aibu. Chagua mtu mmoja au wawili wa nyumbani, nendeni nao kliniki wafundishwe pamoja nawe.

HATUA ZA KUDUNGA

Nawa mikono kwa maji na sabuni. Kama ngozi ni safi, sabuni na maji yanatosha. Si lazima spiriti. Kama unatumia spiriti, iache ikauke kwanza.

Vuta hewa kwenye bomba kiasi kilekile cha dawa unayotaka. Kama ni uniti 12, vuta hewa mpaka 12. Ingiza sindano kwenye mfuniko wa mpira wa chupa, sukuma ile hewa ndani. Geuza chupa juu chini, vuta dawa polepole mpaka 12. Ukiona mapovu, gonga bomba kwa kidole yapande juu, yasukume yarudi kwenye chupa, kisha vuta tena mpaka ifike sawasawa. Povu halitakuua, lakini linachukua nafasi ya dawa, kwa hiyo unapata pungufu.

Mahali pa kudunga ni tumboni, vidole viwili au zaidi kutoka kwenye kitovu. Au pajani, upande wa mbele na wa nje. Au makalioni, sehemu ya juu. Finya ngozi kwa vidole upate mkunjo laini. Kama una mwili, ingiza sindano wima. Kama umekonda, na wengi wetu tumekonda, au ni mtoto, iingize kwa mshazari ili isifike kwenye msuli. Sukuma dawa polepole. Hesabu mpaka 10 ndipo uchomoe. Usisugue.

Kesho, sogea. Usidunge mahali palepale kila siku kwa sababu pamezoea na hapaumi. Pakizoea panaota uvimbe laini wa mafuta chini ya ngozi, na dawa ikidungwa kwenye uvimbe haiingii vizuri: leo sukari inapanda, kesho inashuka ghafla. Sogeza upana wa kidole kimoja kila mara. Wengine wanafanya hivi: wiki hii upande wa kulia, wiki ijayo upande wa kushoto. Pitisha kiganja tumboni mara moja kwa wiki. Ukisikia bonge, lipumzishe hapo, na umwambie nesi, maana ukihamia kwenye ngozi nzima kipimo chako kinaweza kuhitaji kupunguzwa.

Sindano ni ya mtu mmoja. Hata baba na mtoto wote wana sukari, kila mmoja na yake, bila kubadilishana hata siku moja. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini vinapita hapo. Sindano imetengenezwa kutumika mara moja. Kama umepewa chache zisizofika tarehe ya kurudi, zungumza na nesi mapema kabla hazijaisha.

Ikitumika, usiitupe chooni wala kwenye shimo la takataka ambapo watoto wanacheza na mama wanaokota kuni. Chukua kijerikeni cha plastiki ngumu kilichoisha mafuta ya kupikia, chenye mfuniko. Tumbukiza humo sindano, uweke juu mtoto asipofika. Kikikaribia kujaa, kifunge na ukirudishe kituo cha afya.

JUA LETU NA CHUPA YAKO

Swali linalokuja mara nyingi: "Kliniki wanasema insulini ikae kwenye friji. Mimi nakaa chini ya turubai, friji nitatoa wapi?"

Jibu lina habari njema. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa hiyo kama umepewa chupa mbili, muulize nesi kama ile ya pili inaweza kukaa kwenye friji ya kituo hadi utakapoihitaji. Ile unayotumia haihitaji friji. Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya utafiti wao. Walipima joto la ndani ya nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, mahali ambapo wakimbizi wenzetu wanaishi kwenye joto kali kuliko letu. Walikuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaziweka insulini za aina mbalimbali kwenye joto kama hilo maabara. Baada ya wiki 4, zilikuwa bado na nguvu yake.

Lakini usielewe vibaya. Utafiti huo haukusema insulini inaweza kukaa juani. Nyuzi 37 ni ndani, kivulini. Chini ya bati au turubai saa nane mchana mwezi wa Februari joto linaweza kupita hapo. Kwa hiyo tumia chungu. Chukua chungu cha udongo kikubwa, weka kingine kidogo ndani yake, katikati jaza mchanga. Mwagilia mchanga maji asubuhi na jioni. Funga chupa yako kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, iweke kwenye chungu cha ndani, funika kwa kitambaa chenye unyevu. Weka chungu kivulini panapopita upepo. Mama zetu wanajua namna chungu kinavyopooza maji ya kunywa. Kazi ni ileile.

Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Zikipita wiki 4, chupa hiyo imeisha kazi hata kama dawa imebaki. Na usiiweke karibu na barafu. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri.

Ukisafiri kutoka Koboko kwenda Arua, ibebe kwenye begi lako, katikati ya nguo. Usiiweke mbele kwenye kioo cha gari, wala chini ya kiti cha pikipiki karibu na injini.

DAWA IPO, CHAKULA HAKUNA

Sasa tufike kwenye jambo linalotusumbua kuliko yote. Mnajua hali ya rasheni. Tangu Julai 2023 tumegawanywa makundi: wanaohesabiwa kuwa na shida zaidi wanapata zaidi, wengine wanapata kidogo, wengine hawapati kabisa. Mtu ana insulini mkononi, na sufuria haina kitu. Adunge au asidunge?

Watu wanakosea kwa njia mbili. Wa kwanza anadunga dawa yote kama kawaida, halafu chakula kinakosekana. Sukari yake inashuka sana, anaanguka. Wa pili anasema, "Sijala, kwa hiyo sidungi," leo, kesho na kesho kutwa. Kama ana aina ya 1, mwili unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe na kutengeneza sumu kwenye damu. Huyo anaweza kufa ndani ya siku chache.

Njia iliyo salama ni hii. Kwanza, usidunge dawa ya haraka au ya mchanganyiko mpaka chakula kiko jikoni na unakiona. Si chakula cha kuahidiwa, si mtu aliyekwenda sokoni hajarudi. Nyingi za dawa hizi zinadungwa kama nusu saa kabla ya kula. Kwa hiyo subiri posho ikaribie kuiva. Pili, nenda kliniki kabla ya siku mbaya haijafika, useme wazi: "Kuna siku nakula mara moja tu. Nidunge kiasi gani siku hiyo?" Wakuandikie kwenye daftari lako. Swali hilo si la aibu, ni swali la msingi, na nesi hawezi kulijibu kama unamdanganya kwamba unakula mara tatu. Tatu, kama siku hiyo imefika na huna maelekezo, nenda kituoni siku hiyohiyo au mtafute mhudumu wa afya wa kijiji, VHT. Usilale na kukaa siku nzima bila insulini.

Ndugu Waislamu, kabla ya Ramadhani fikeni kliniki kwanza. Ndugu mnaofunga kanisani, vilevile. Usianze kufunga halafu ndipo uulize.

Na usigawe dawa yako nusu nusu ili ifike mwezi ujao. Kuna miezi dawa inachelewa, tunajua. Ukiona chupa imebaki ya wiki moja, anza kutembea sasa. Vituo vidogo vingi havina insulini. Mara nyingi inapatikana ngazi ya 4 na hospitali, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Arua au hospitali ya Koboko. Omba fomu ya rufaa mapema. Kwa watoto na vijana, uliza pia kama kliniki iko kwenye mpango wa kuwapa insulini bure.

DALILI AMBAZO NYUMBA NZIMA IZIJUE

Sukari ikishuka: jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, hasira bila sababu, maneno kuchanganyika, mtu anaonekana kama mlevi. Kama una kipimo, ni chini ya 4, au chini ya 70 kwa mashine zinazosoma mg/dl. Kama huna kipimo, usisubiri. Mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15. Kama bado, rudia. Akipata nafuu, ale chakula. Kwa hiyo kila mwenye insulini awe na sukari kidogo kwenye kikaratasi, mfukoni, shambani, shuleni, kwenye foleni ya rasheni. Sukari hiyo isiwekwe kwenye chai ya wageni.

Akiwa amezimia, usimmiminie kitu mdomoni, kitampalia. Mlaze ubavu, tafuta pikipiki, mpelekeni hospitali mara moja.

Sukari ikipanda sana: kiu isiyoisha, mkojo mara kwa mara, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa nguvu na kwa kina, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana. Huyu pia ni wa hospitali leo, si kesho. Wazazi, mtoto ambaye hajulikani kuwa na sukari anaweza kuanza hivi: anakonda, anakojoa kitandani wakati alishaacha, anakunywa maji usiku. Msikae mkisema ni malaria tu, au amerogwa. Ombeni apimwe sukari. Ni tone moja la damu.

Na mwenye sukari akiumwa malaria au kuhara, asiache insulini kwa sababu hali vizuri. Ugonjwa unapandisha sukari. Anywe maji, aende kituoni na daftari lake.

(Muziki unaanza chini.)

Wapendwa, tukumbuke machache. Bomba lifanane na chupa. Chakula kionekane kabla ya sindano. Sogeza mahali pa kudunga. Chupa kwenye chungu kivulini. Sukari mfukoni. Daftari na ukweli unapokwenda kliniki.

Wewe uliyeambiwa wiki hii kwamba utaanza kujidunga, mkono wako utatetemeka siku za mwanzo. Mwambie mtu akae karibu nawe. Baada ya siku kadhaa utashangaa kuona umemaliza kabla maji hayajachemka.

Kama una swali, mpe VHT wa kijiji chako aliandike, atuletee. Tutamwita mhudumu wa afya alijibu katika kipindi kijacho.

(Muziki wa kufunga.)